Simu Iliyopotea Kapuni

Tuliachana, msomaji wangu, nikiwa Lindi, kwenye nyumba ya shughuli pale Mtanda, nimeinama juu ya kapu la ukindu lililojaa simu za watu. Simu yangu haimo.

Mikosi mingine nimeshawasimulia: kamera iliyodondoka Tingi, mvua iliyoingia kwenye taa zangu, basi lililoniacha Nangurukuru na mizigo yangu imo ndani. Nilidhani yameisha. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kulia nilikuona kazi.

Kwa anayeanza kunisoma leo, mimi ni Warda wa Kilwa Masoko. Kazi yangu ni kupiga video za shughuli za wanawake: singo ya kumsugua bibi harusi, kupaka hina, ngoma za ndani. Shughuli ambazo mwanamume haingii, na video zake mwanamume hazitazami. Humo wanawake huvua buibui, hufungua nywele, hucheza wanavyojua wenyewe, na wake wa watu wazito huonekana viuno vyao kama vya watu wengine wote.

Ndiyo maana simu hukusanywa mlangoni. Kungwi wa shughuli ile, Bi Somoe, alikaa na kapu lake tangu asubuhi, na kila simu yenye kamera ikaingia humo. Yangu pia.

"Kamera yako ni hiyo uliyoishika," aliniambia. "Simu weka hapa. Sheria ni moja."

Nikaweka. Sasa shughuli imekwisha, wageni wanataka kwenda zao, na mimi napekua kapu.

"Bi Somoe, simu yangu haimo."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama."

"Tazama tena. Umechoka wewe, huoni."

Nikatazama tena, moja moja. Nilikuta za kila rangi, mpaka moja yenye picha ya paka. Yangu, nyeusi, yenye kava jeusi, haikuwemo.

Bi Somoe akalifunika kapu kwa kanga, akasogeza kigoda chake mpaka mlangoni, akaketi. Ni mwanamke mdogo wa umbo, lakini akiketi mlangoni, mlango umefungwa.

"Hakuna anayetoka," alisema. "Wala anayegusa simu yake. Mpaka ya huyu ionekane."

Manung'uniko yakaanza. Mmoja kaacha mtoto mchanga nyumbani. Mwingine mumewe ana hasira. Bi Somoe akawaangalia tu, wakakaa.

Simu yenyewe ningeisamehe. Ilikuwa na ufa kwenye kioo na chaji yake haifiki jioni. Lakini simu ile ndiyo ufunguo wa nyumba nzima ya siri za wanawake, kutoka Kilwa Kivinje mpaka hapo Lindi.

Nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa kwa nini simu mbovu ilinitia hofu.

Wateja wangu walinipa sharti moja tangu mwanzo: video zisipande mtandaoni, na zisikae kwenye mashine ya mtu wasiyemjua huko ughaibuni. Basi nikanunua kompyuta ndogo na diski kubwa, nikaiweka nyumbani kwangu, iwake usiku na mchana. Seva yangu mwenyewe. Mteja akitaka kutazama video yake, namfuata kwake na simu, naifungua seva kutoka hapo hapo tulipo, tunatazama pamoja, kisha nafunga. Hakuna kinachobaki.

Nikiwa safarini naisimamia kwa simu hiyo hiyo. Naingiza video mpya, naangalia kama diski ina nafasi, naiwasha upya ikizubaa. Njia ya kuifikia nimeitengeneza isionekane na watu wa nje. Ni kama uchochoro wa kuingilia uani: mpita barabara hauoni, na hata akiuona, una mlango, na mlango una ufunguo. Ufunguo wenyewe umo ndani ya simu. Seva inazitambua simu mbili tu duniani. Moja ni hii iliyopotea. Nyingine ni ya akiba, nimeifungia kabatini, chumba kile kile ilimo seva.

Na chumba chenyewe? Wanawake walinibana hapo. "Nyumba yako ina mwanamume," waliniambia. Ndipo mume wangu, Mfaume, fundi wa mashine za boti, mtu mpole asiye na makuu, alipokaa sebuleni kwetu mbele ya Bi Somoe na wenzake, waliosafiri kutoka Lindi kwa ajili hiyo, akaweka mkono juu ya Msahafu, akaapa kwamba hatatia mguu chumba kile maisha yake yote. Baada ya kiapo hicho, nami nikaongeza langu. Seva niliitoa mezani, nikaificha ndani ya sanduku la cherehani bovu la marehemu mama yangu, nikaning'iniza pazia mbele yake. Hilo sikumwambia mtu. Hata Agnes, mwenzangu wa kazi anayenishikia taa, hakujua.

Kufuli mlangoni, funguo shingoni mwangu. Niliwaambia wanawake kwa kinywa kipana kwamba siri zao kwangu ni salama kuliko kwao.

Sasa sikiliza nilichokifanya asubuhi ile.

Kabla shughuli haijaanza, mama wa bibi harusi alinishika mkono. "Mpiga picha wetu hawezi kukaa mikono mitupu," akasema, na kukataa hina ya wenyeji ni kuwatia aibu. Nikapakwa viganja vyote viwili mpaka ncha za vidole. Nikakaa nimeinua mikono kama mtu anayeomba dua, nasubiri ikauke.

Simu ikalia mapajani. Mlio ule naujua, ni seva inaniita. Simu yangu hufunguka kwa alama ya kidole, na kidole kimejaa hina mbichi. Nikamwita Agnes.

"Nifungulie, nisomee."

"Namba ya siri?"

Nikaitaja. Kwa sauti, mbele ya wanawake waliojaa chumbani, kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Mimi, niliyewahi kumgombeza dada yangu kwa kuandika namba yake nyuma ya simu.

Agnes akasoma. "Inasema 'kifaa kimechomekwa'. Ndiyo nini?"

"Si chochote. Umeme wa nyumbani ukicheza huwa inajisemea. Zima."

Akazima. Baadaye kidogo, hina ilipooshwa, nikaipeleka simu kapuni.

Kwa hiyo mwenye simu yangu sasa alikuwa na simu na namba. Mwenye vitu hivyo viwili, mbele ya seva yangu, ndiye mimi.

"Agnes," nikamwambia, "nipe simu yako."

Simu ya Agnes ilikuwa ya kitochi, isiyo na kamera, ndiyo maana haikwenda kapuni. Tatizo lake moja: iliwahi kutumbukia kwenye ndoo kwao Kiranjeranje, sikio likafa. Inasikika kwa laudspika tu, na laudspika yenyewe haizimiki. Agnes akipigiwa na mumewe, mtaa mzima unajua chumvi imezidi.

Nikapiga namba yangu. Ikaita. Chumba kizima kikanyamaza kusikiliza italia wapi. Haikulia popote. Ikaita tena, halafu ikakatwa.

Haikukatika. Ilikatwa. Kuna kidole cha mtu kilichobonyeza.

Nikapiga tena. Namba haipatikani.

"Mwanangu," Bi Somoe akasema kutoka kigodani, "simu ni simu, itapatikana nyingine. Mbona unahangaika hivyo?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, kwamba mna picha za marehemu mama. Lakini nilikuwa nimechoka, na uongo nao unataka nguvu.

"Bi Somoe, aliyeichukua ile simu anaweza kuziona."

"Kuziona nini?"

"Video. Zote."

Hapakuwa na kelele. Afadhali zingekuwepo. Mwanamke mmoja mnene aliyekaa karibu na dirisha, ambaye nilimpigia singo ya binti yake mwaka jana, aliuliza kwa sauti ndogo:

"Hata ya mwanangu?"

"Hata ya mwanao, mama."

"Mwanangu yuko kwenye ndoa, Warda. Mume wake ni mtu wa dini. Ikitoka ile, ataachwa."

"Najua."

"Hujui wewe. Ungejua usingeitaja namba ile mbele za watu kama unanadi samaki. Nilikuwepo nikasikia."

Nilijisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia, hata siku ile ya Tingi.

"Inazimwaje?" Bi Somoe akauliza. Alikuwa mtu wa vitendo, Mungu ampe umri.

"Ikichomolewa tu imekwisha. Haingiliki tena. Lakini iko Kilwa."

"Nani yuko nyumbani?"

"Mume wangu."

Wanawake wakatazamana. Nikampigia Mfaume, na sauti yake ikajaa chumba kizima.

"Haloo, Agnes? Vipi, Warda hajambo?"

"Ni mimi. Simu yangu imepotea. Sikiliza, Mfaume, hapa nipo na Bi Somoe na wenzake, wanakusikia. Nataka seva izimwe sasa hivi."

"Izimwe vipi?"

"Ichomolewe."

"Warda, mimi chumba kile siingii. Niliapa. Bi Somoe si huyo hapo? Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu," Bi Somoe akajibu. Nikaona uso wake umelegea kidogo. Mwanamke wa dirishani naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hata mimi, katikati ya balaa lile, nilijivunia mume.

"Nizime umeme wa nyumba nzima kwenye mita," Mfaume akasema. "Si itakufa?"

"Haitakufa. Ina betri."

Betri ile nilijibana nikainunua kwa sababu umeme ukikatika nilikuwa nachanganyikiwa. Sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku nitaomba seva yangu ife, nayo ikatae kwa sababu ya akili zangu mwenyewe.

"Basi nikate intaneti."

"Rauta imo humo humo."

"Sasa unataka nifanye nini, mke wangu? Nivunje kiapo? Nikaulizwe nini mbele ya Mungu?"

Alilisema kwa uchungu mpaka mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Maskini, mume mwema huyu."

"Usiingie," nikasema. "Nenda kamwite Mama. Wewe fungua mlango tu, ukae nje. Mama ataingia."

Mama ni mkwe wangu, Bi Kadija, anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Ana magoti mabovu na hapendi kuharakishwa. Tukasubiri. Kwenye laudspika tulisikia kuku, tukasikia mlango wa nje, tukasikia Mama akiuliza mara tatu kwani kuna msiba. Nikahesabu salio la Agnes kichwani na kuomba litoshe.

"Haloo, Warda mwanangu!" Mama akaitia kelele ile simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nasikia umeibiwa. Pole. Hao wa Lindi nilikwambia."

Wa Lindi wote waliokuwepo wakasikia. Bi Somoe akakohoa.

"Mama, naomba uingie kile chumba changu. Mfaume avunje kufuli, atumie nyundo, nitanunua jingine."

Nikajiandaa kusikia nyundo. Sikusikia. Baada ya muda mfupi mlango ukalia.

"Tayari," Mama akasema. "Naingia, bismillahi."

"Kashavunja?"

"Wala, kufuli lako zima, linaning'inia. Kalegeza bawaba kwa bisibisi. Mwanangu ana mikono myepesi, mlango umetoka kama mfuniko wa sufuria."

Nikamshukuru Mungu kwa kuniozesha fundi.

"Mama, upo ndani?"

"Nipo. Kuna giza. Kuna joto. Kuna kabati, kuna meza haina kitu. Hiyo seva yako ikoje? Ina miguu?"

"Ni kisanduku cheusi, Mama, kina taa ndogo za kijani."

"Sioni taa."

"Subiri nikuelekeze..."

Simu ikakwaruza. Mtandao ukaanza kukata maneno, nikawa nasikia nusu ya Mama na nusu ya upepo. "Mama! Unanisikia?" Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Mwanamke wa dirishani alikuwa amesimama, ameshika kichwa. Kila dakika iliyopita tulikuwa tunawaza jambo moja, kwamba mahali fulani pale Lindi kuna mtu ameketi na simu yangu, anafungua mabinti wa watu mmoja mmoja.

Kisha mtandao ukarudi, na tukasikia sauti ya Mfaume kwa mbali, kutoka mlangoni, akimsaidia mama yake.

"Mama, si kabatini! Nyuma ya pazia hapo. Funua sanduku la cherehani."

"Ahaa! Nimekiona. Kweli kinakonyeza konyeza."

"Chomoa, Mama!" nikalia. "Chomoa kila kitu!"

"Waya upi?"

"Zote! Kila kilichoingia humo kitoe!"

Tulimsikia akihema. Tukasikia kitu kikidondoka. Tukamsikia akisema "hiki nacho" na "toka hapa" kama anayefukuza kuku.

"Haya. Taa zimelala. Hakipumui tena."

Nikaketi sakafuni. Agnes akanishika bega. Wanawake wakaanza kusema alhamdulillahi, kwanza mmoja, kisha wote. Mwanamke wa dirishani alilia waziwazi, na mimi nikalia naye. Seva ilikuwa imekufa. Mwenye simu yangu na awe nayo mpaka kiama, alikuwa ameshika kipande cha kioo chenye ufa.

Na wakati huo huo mlango ukagongwa.

Bi Somoe akafungua kidogo. Aliingia shangazi wa bibi harusi, ana masizi mikononi na hasira usoni. Kumbe katikati ya shughuli Bi Somoe mwenyewe alimruhusu achukue simu yake atoke, akasimamie pilau nyumba ya jirani, na kutokana na purukushani alimsahau.

"Nani kachukua simu yangu?" shangazi akauliza. "Nimebeba hii hapa kapuni nikidhani yangu, inakikataa kidole changu. Mara inalia, naona 'Agnes', mimi Agnes simjui, nikaikata. Nikaizima kabisa, niliogopa matapeli."

Akanyoosha mkono. Simu nyeusi, kava jeusi, ufa kwenye kioo.

Chumba kikalipuka kwa vigelegele. Nani hakucheka? Waliokuwa wanalia walicheka, waliokuwa wameninunia wakanikumbatia. Shangazi alikuwa jikoni asubuhi nilipoitaja namba yangu, hivyo hata namba hakuwa nayo. Hakuna aliyefungua chochote. Hapakuwa na mwizi.

"Mama!" nikaita kwenye kitochi, nikicheka na machozi. "Simu imeonekana! Hapakuwa na lolote! Pole kwa kukusumbua. Acha hivyo hivyo, nikirudi nitarudishia waya mwenyewe."

"Alhamdulillahi. Na hiki kidude nikiweke wapi?"

"Kidude gani, Mama?"

"Hiki kidogo, kina kamba nyekundu. Si ulisema kila kilichoingia nikitoe? Kilikuwa kimechomekwa ubavuni mwa hicho kisanduku chako. Kama kidole gumba."

Mimi sina kidude cha kamba nyekundu. Flashi situmii kabisa, kwa sababu flashi ndiyo inayobeba video ikatoka nazo mlangoni. Ubavu wa seva yangu huwa mtupu.

Nikaiwasha simu yangu. Vidole vilikuwa na rangi ya hina lakini vikavu, nikabonyeza namba ya siri, ikafunguka. Ujumbe wa asubuhi ulikuwa wa kwanza, pale pale Agnes alipouacha. Kifaa kimechomekwa. Chini yake palikuwa na mstari wa pili ambao Agnes hakunisomea, kwa sababu nilimwambia azime. Kunakili kumeanza.

Seva haikuwa inajisemea. Ilikuwa inaniita, nami nilikuwa nimeinua mikono juu nasubiri hina ikauke. Kisha nikashinda mchana kutwa namtafuta mwizi ndani ya kapu la Lindi.

Nikainua uso. Vigelegele vilikuwa vimekwisha. Bi Somoe pekee ndiye ambaye hakupiga hata kimoja. Alikuwa ananitazama tangu muda mrefu.

"Warda," aliniambia taratibu, "lile pazia ulilitundika lini?"

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Nadhani nilielewa tangu Mfaume alipomtajia mama yake lile sanduku, ila moyo ulikataa kupokea.

"Baada ya kiapo, Bi Somoe."

"Na kuiweka seva kwenye sanduku la cherehani?"

"Siku hiyo hiyo."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna."

Simu ya Kilwa ilikuwa bado haijakatwa. Nilimsikia kuku, nikamsikia Mama akivuta pumzi kama mtu aliyeanza kuelewa yuko kwenye chumba gani. Nikaukumbuka mlango ule uliotoka bila nyundo, skrubu zilizozoea bisibisi.

Mwanamke wa dirishani akavuta kanga yake, akajifunika kichwa. Aliyekuwa kando yake akafanya hivyo hivyo. Kisha wote, mmoja baada ya mwingine, walijifunika nywele, walijifunika mabega, pale pale mbele yangu, kama wanavyofanya mwanamume akiingia.

Sikuwalaumu. Nilikuwa nimechoka mno hata kumchukia mtu.

"Mfaume," nikasema.

"Naam."

"Umeingia mara ngapi? Na hiyo flashi unampelekea nani?"

Nilimsikia Mama akisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mjibu mwenzio."

"Warda," hatimaye akasema, na sauti yake ilijaa kila kona ya nyumba ile ya Mtanda, "nitakwambia. Ila zima kwanza hiyo laudspika."

Nikawatazama wanawake waliojifunika. Nikaitazama simu ya Agnes.

"Haizimiki," nikamwambia. "Sema."